MREJESHO: Mraba wa ajabu wa 4 kwa 4 umekubali!

Wakuu, niliuliza kuhusu mraba wa ajabu, yaani jedwali la namba ambalo kila mstari, kila safu wima na mishazari yote miwili hutoa jumla ileile: kwa nini njia ya kuweka 1 juu katikati, kisha kupanda kulia kimshazari, inakubali mraba wa 3 na wa 5 lakini wa 4 unagoma. Mkanijibu kwamba ni ya namba witiri tu.

Nimefanya mlivyoelekeza. Nimeandika 1 hadi 16 kwa mpangilio, kisha kila namba iliyo kwenye mishazari miwili nikaiondoa na kuweka 17 kutoa namba hiyo. Mstari wa juu: 16, 2, 3, 13. Jumla 34! Wa chini: 4, 14, 15, 1. 34 tena, na safu wima zote vilevile.

Kilichonifurahisha zaidi: ukibadilishana safu wima mbili za katikati, unapata mraba uleule ulio kwenye picha ya msanii Mjerumani Albrecht Dürer, wenye 15 na 14 katikati ya mstari wa chini, yaani 1514, mwaka aliochora picha hiyo. Asanteni mno. Kesho naanza wa 6.