Utumwa Marekani ulifutwa 1865, mbona kura ikasubiri mpaka 1965?

Wakuu naomba mnieleweshe. Marekebisho ya 13 ya katiba yao yalifuta utumwa, ya 15 mwaka 1870 yakasema mtu asinyimwe kura kisa rangi. Sasa mbona miaka 95 baadae watu weusi bado wanapigwa virungu Selma (mji wa jimbo la Alabama, kusini) wakidai kura hiyo hiyo?

— Sheria ilikuwepo ila majimbo ya kusini yaliizunguka mkuu. Jeshi la serikali kuu lilipoacha kuwalinda watu weusi 1877 ikawa basi tena, ikaja kodi ya kupiga kura, mtihani wa kusoma ambao karani ndo anaamua umefaulu au la, na kwenye baadhi ya majimbo kama babu yako alikuwa mpiga kura zamani basi mtihani unarukwa, sasa babu aliyekuwa mtumwa angepigia wapi?

— Msisahau ardhi. Jenerali Sherman wa jeshi la kaskazini Januari 1865 aliamuru familia zilizotoka utumwani zipewe hadi ekari 40 pwani ya South Carolina na Georgia, Rais Lincoln akauawa Aprili, makamu wake Andrew Johnson akaingia akairudisha ardhi kwa mabwana wale wale. Ukilima shamba la mtu na una deni dukani kwake utampinga vipi kwenye kura?

— Selma ndo TV zilionyesha kila kitu, watu wanavyopigwa kwenye daraja la Edmund Pettus, Machi 7, 1965, nchi nzima ikaona. Agosti Rais Johnson (mwingine huyu, Lyndon) akasaini sheria ya kura.

— Na 2013 Mahakama ya Juu yao ikaondoa kipengele muhimu cha hiyo sheria, kwa hiyo mzozo bado upo.