Sindano kabla ya upasuaji wa pituitari: tungoje au tuende?

Mama Kibuye, Kisumu
Wapendwa, naomba ushauri. Mume wangu ana akromegali, yaani mwili wake una homoni ya ukuaji kupita kiasi. Pete ya ndoa ilibidi ikatwe, viatu vya dukani havimwingii tena, na akilala anakoroma hadi watoto wanaamka, kisha ananyamaza kana kwamba pumzi imekatika. MRI imeonyesha uvimbe wa zaidi ya sentimita moja kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Daktari wa homoni anataka achomwe sindano ya dawa iitwayo oktreotaidi kila mwezi kwanza, ndipo apasuliwe kupitia puani. Shemeji zangu wanasema tunapoteza pesa, uvimbe utolewe sasa. Nimsikilize nani?

Nusukaputi, Nakuru
Pole sana dada. Kazi yangu ni kuwapa wagonjwa nusukaputi, na huko kunyamaza usingizini ndiko kunakonitia wasiwasi. Akromegali hunenepesha ulimi na nyama za koo, taya nalo hutokeza. Mgonjwa akishalala, kupitisha mpira wa hewa kunaweza kutushinda. Sindano hushusha homoni ya ukuaji, na nyama hizo hupungua. Mwongozo wa 2014 wa Endocrine Society, chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, haushauri kila mgonjwa aanzishiwe dawa. Unaipendekeza kwa mwenye koo nene sana na pumzi inayokatika usingizini, au ambaye moyo umeanza kushindwa kazi. Muulize daktari waziwazi: tunangoja kwa sababu ya koo, au kwa sababu ya uvimbe? Shemeji zako nao walisikie jibu hilo kwa masikio yao.

Ila macho, dada! Uvimbe ukibana mishipa ya macho, habari ya kungoja miezi inabadilika. Akianza kutoona vitu vya pembeni, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwalimu, Kakamega
Mimi nilichomwa kabla ya kupasuliwa. Tumbo lilisokota na kuharisha mwanzoni, kisha likatulia. Dawa huweza pia kuleta vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, kwa hivyo maumivu makali chini ya mbavu za kulia yasipuuzwe.

Shemeji nao wana hoja. Watafiti wa Norway walilichoma sindano kundi moja la wagonjwa miezi sita na jingine wakalipasua moja kwa moja. Kwa wenye uvimbe mkubwa, miezi mitatu baada ya upasuaji, IGF-1 (homoni inayopimwa kwenye damu kuona kama ugonjwa umedhibitiwa) ilikuwa katika kiwango cha kawaida kwa 50% ya waliochomwa na 16% tu ya wengine. Lakini walipofuatiliwa miaka mitano, faida hiyo haikuthibitika. Dawa hukawia mwilini, hivyo kipimo cha mapema kinaweza kupendeza kuliko hali ilivyo. Mwombe daktari arudie IGF-1 baadaye.

Mama Kibuye
Mungu awabariki. Ana kisukari pia. Sindano haitamdhuru?

Nusukaputi, Nakuru
Inaweza kukipandisha au kukishusha, kwa sababu hugusa insulini pamoja na homoni ya ukuaji. Mpimeni sukari mara nyingi zaidi baada ya kila sindano, mwandike kwenye daftari, na daktari alione kabla ya kubadilisha dawa yoyote.