Eti napiga rimoti makofi ndiyo iwake, nitajua rada? Huyu mzee leo kanichefua

Wakuu, nimetoka kijiweni sasa hivi, kahawa nimeiacha ya moto. Mnamjua, yule mzee wetu, wakili wa kila manunuzi ya serikali. Hata wakinunua manowari ya kulinda Bwawa la Mtera atakwambia "ulinzi una gharama".

Nilisema tu, kwa upole: 2001 Tanzania yetu, nchi inayokopa mpaka hela ya chaki, ilikopa ikanunua rada ya Waingereza, pauni milioni 28. Benki ya Dunia ikasema ni ghali mno. Waziri wa Waingereza wenyewe, Clare Short, akapinga. Waziri Mkuu wao, Blair, akapitisha, kiwanda chao kipate kazi. Dalali naye akalamba kama theluthi. Deni letu.

Mzee akageuka, muuza kahawa akaacha kumimina: "Wewe rimoti unaipiga makofi ndiyo iwake, utajua rada?"

Rimoti, wakuu! Kaionea wapi rimoti yangu? Kijiwe kimecheka toka saa kumi mpaka adhana ya magharibi. Kuna bodaboda kaanguka na pikipiki imezimwa.

Na hoja ninayo! 2010 BAE, kampuni iliyotuuzia hiyo rada, walikiri mahakamani London kwamba hawakuweka sawa vitabu vya malipo ya dili hiyo, wakakubali kutoa pauni milioni 29.5 zije kwetu. Muuzaji gani mwaminifu anarudisha hela kuzidi bei? Nafungua mdomo niseme hayo, mzee anawaonyesha watu ninavyoipiga. Kwenye goti! Mbele ya shemeji yangu!

Kipanga_Mweusi: Nimewahi siti ya mbele. Mkuu, goti la kulia au la kushoto?

MamaWawili: Wanangu wamesomea vitabu vilivyonunuliwa kwa hizo hela zilizorudi, eti chenji ya rada. Chenji! Kama vile nchi ilitumwa dukani.

Bata_Bukini: Mleta uzi usikwepe. Betri umenunua au hujanunua?

Mleta uzi: Hiyo siyo hoja!!! Tunaongelea mabilioni ya walipa kodi!

Bata_Bukini: Hajanunua.

Bandarini254: Nyie angalau rada mliiona. Huku kwetu Kenya mkataba wa meli ya jeshi, Jasiri, ulitiwa saini 2003, ikajengwa Uhispania, ikatia nanga Mombasa 2012. Mwanangu ameanza nasari, amemaliza darasa la nane, meli ingali yaja.

Kipanga_Mweusi: Miaka tisa? Huyo aliyeijenga atakuwa ndugu yake fundi wangu wa kabati. Kila siku "kesho bosi, bado vanishi".

MamaWawili: Usinikumbushe mafundi. Wangu kachukua advansi yote, sasa akiniona anavuka barabara.

Mleta uzi: Jamani, RADA. Na lile goti.

Mzee_wa_Faru: Kipanga, fundi gani huyo? Wa Tandika, mwenye kofia ya sufi?

Kipanga_Mweusi: Huyo huyo!

Mzee_wa_Faru: Ana kitanda changu toka Ramadhani.