Nihamie React au nibaki na jQuery? Fomu ya mteja inanitesa

Chalii_wa_Majengo
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, natengeneza websaiti ndogondogo, nyingi za watu wa utalii. Nina mteja anayepandisha wageni Kilimanjaro. Kwenye ukurasa wake kuna fomu: mgeni anachagua njia (Marangu, Machame, Lemosho au Rongai), anachagua tarehe, anajaza idadi ya watu, bei inatokea chini, anabonyeza kutuma. Hakuna la ajabu.

Sasa kalenda ya tarehe ina ukichaa. Ukifungua ukurasa mara ya kwanza, inafunguka vizuri tu. Ukirudi baadaye, kimya. Unagusa kisanduku cha tarehe, hakijibu, bei haitokei, na kitufe cha kutuma nacho kimekufa. Jana mteja huyo, mzee mmoja, aliniita ofisini kwake akanipa simu yake nijaribu mbele ya wafanyakazi. Jasho lilinitoka na baridi yote hii ya Julai.

Jamaa yangu anasema jQuery, maktaba ya JavaScript niliyotumia humo, imepitwa, niandike upya yote kwa React, maktaba nyingine ya kujengea kurasa. Nimepewa wiki mbili na React naijua nusu nusu. Nifanyeje?

Njiro_Dev
Chalii, hama. React ipo tangu 2013 Facebook walipoiachia watu wote, na ndiko dili zilipo. Mimi nilihama nikiwa sijui kitu, leo sirudi nyuma.

BintiMeru
Njiro_Dev, unampa mwenzio mlima mwingine wa kupanda. React kwa fomu moja ni kukodi Fuso ikabebe mkungu mmoja wa ndizi. Ingekuwa skrini yenye vitu ishirini vinavyobadilika kwa pamoja, hapo tungeongea lugha moja.

Mleta uzi, usiandike chochote kwanza. Fungua kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda konsoli, pale makosa ya ukurasa yanapoandikwa, ufungue ukurasa mara mbili tatu mpaka igome. Halafu tuambie mstari mwekundu unasema nini.

Chalii_wa_Majengo
Dada, mstari unasema datepicker (ndiyo hiyo kalenda) si fankisheni. Lakini faili la datepicker lipo, nimeliona linashuka!

BintiMeru
Nilihisi. Angalia chanzo cha ukurasa, tafuta neno jquery. Zimeitwa ngapi?

Chalii_wa_Majengo
Duh. Mbili. Moja iko juu kwenye head, toleo la 1.12, ilikuja na templeti. Nyingine chini, 3.6, ina neno async, ilikuja na ile slaidi ya picha za mlima niliyoikopi sehemu.

BintiMeru
Basi mchawi umempata. Kalenda yako imejishikiza kwenye jQuery ya kwanza. Ya pili ikifika inachukua alama ya $ na kuifanya yake, na yenyewe haijui kalenda ni nini. Hiyo async maana yake haisubiri foleni, inaingia wakati wowote inapowasili. Mgeni akija mara ya kwanza, inachelewa njiani, kalenda inawahi kuwashwa. Akirudi, faili limeshahifadhiwa kwenye simu yake, linawahi, kalenda inaangukia pua.

Na nina hakika bei na kitufe umeviweka humo humo ndani ya ready moja (ile sehemu inayosubiri ukurasa uwe tayari), chini ya mstari wa kalenda. Mstari ukilipuka, vilivyo chini yake havifikiwi.

Bakiza jQuery moja tu, iwe juu, bila async, plagini (viongezo vyake, kama hiyo kalenda) zifuate nyuma yake.

Mzee_wa_Soweto
Binti kamaliza la leo. Mimi naongelea la kesho. Kijana, hiyo jQuery unaihitaji kwa lipi? John Resig aliitoa 2006, enzi brauza hazielewani na Internet Explorer ina sheria zake. Ilituokoa sana, siwezi kuitukana. Lakini kazi zake nyingi sasa ziko ndani ya brauza yenyewe: querySelector ya kutafuta vitu kwenye ukurasa ipo, fetch ya kuvuta na kutuma data ipo. Kisanduku cha tarehe weka type="date", simu ya mgeni inaleta kalenda yake, ile aliyoizoea kidole, na kwa sifa ya min unazuia tarehe zilizopita. Bei ipambwe na Intl.NumberFormat, kifaa cha brauza cha kupanga tarakimu. Kuonyesha na kuficha vitu, chukua Alpine, maktaba ndogo tu, unaandika x-show na x-model humo humo kwenye HTML.

Slaidi ifute. Nimeona mtu anataka kugusa kitufe, picha inahama, kidole kinaangukia kitu kingine. Ila ukiwa na ramani ya njia, weka Leaflet, maktaba ya ramani. Hiyo usijaribu kuandika mwenyewe, utazeeka.

Na mafaili yakae kwenye seva yako. Mwaka 2024 domeini ya polyfill.io, iliyokuwa ikigawia websaiti nyingi skripti, ilikuwa imeshabadilisha mmiliki, na waliokuwa wanavuta skripti kutoka kule wakaletewa uchafu kwenye websaiti zao.

Njiro_Dev
Mzee, type="date" haikuruhusu kufunga siku za katikati. Kampuni ikiwa na siku zimejaa je?

Mzee_wa_Soweto
Hapo umenibana, ni kweli. Siku zikiwa za kufungwa atumie flatpickr, kalenda ya JavaScript, inazifunga na haihitaji jQuery. Lakini aulize kwanza kama mteja anazo.

Chalii_wa_Majengo
Nimemuuliza, hana. Anapandisha makundi binafsi, siku yoyote mgeni anayotaka.

MREJESHO: Juzi niliondoa jQuery ya 1.12 nikabakiza 3.6 peke yake, nikaipandisha juu bila async, kalenda ikatulia saa ile ile. Jana nikajipa moyo, nikaitoa kabisa, nimeweka type="date" na Alpine. Msimbo (code) wa fomu sasa unaenea kwenye skrini moja bila kushuka chini. Nimemjaribishia mteja kwenye simu yake, akafungua, akafunga, akafungua tena mara sita, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akaniuliza, "Sasa picha zangu zilizokuwa zinazunguka ziko wapi?"

Nimemwekea moja ya Kibo, kubwa, imetulia. Anasema washindani wake zao zinazunguka. Dada BintiMeru, Mzee, hapo mnamjibuje mtu?