Eti "kaza robo tu"! Elise ya zamani imemkosea nini huyu mtu?

SpanaKumi: Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kaamka na lake: Lotus Elise, kile kigari cha spoti, ya 1996 yenye injini ya Rover ni birika, yenye injini ya Toyota ya 2004 ndiyo gari. Hilo ningelimeza. Ila kijana kauliza afanyeje, gasketi ya silinda hedi inavuja maji, akajibiwa "kaza bolti za hedi robo tu", yaani robo ya mzunguko. ROBO!

Bolti kumi za K-series, hiyo injini ya Rover, zinapenya hedi na bloku mpaka reli ya oili kule chini. Unazikaza Nm 20, kisha nyuzi 180, kisha 180 tena, basi. Ukiongeza robo unaivuta bolti bure. Mpira wa gasketi uliokwisha kubanduka haurudi.

Rejeta iko mbele, injini nyuma, mabomba marefu yamejaa maji ya baridi. Thamostati ikifunguka, yote yanavamia injini ya moto, gasketi inaumia. Dawa ni thamostati inayofunguka kwa presha pia, pini za kulenga hedi ziwe za chuma badala ya plastiki, gasketi ya tabaka za chuma, reli ngumu, na kupima laina (mikono ya silinda) zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Yeye, robo! Kiwanda cha Lotus kule Hethel kizima kingezimia.

Mnyonge_wa_Gia: Mkuu, robo umeshaitaja mara nne. Kunywa maji. Ya baridi, ila taratibu.

BibiTurbo: 😂😂 Kaka kakazwa robo yeye.

Kamu2ZZ: Na hiyo Toyota mnayoisujudia? Ukitaka gia ya nne ukaangukia ya pili, pampu ya oili inapasuka, injini kwisha. Ikishapata moto halafu ipite mizunguko 6,200 kwa dakika bila mlio kubadilika, fungua kava ukague bolti za lifti, zile zinazoshika shafti za roka, zimelika.

SpanaKumi: Asante! Halafu ya 1996 ina kilo 725 hivi, hiyo yake inapita 850. Lakini robo jamani…

Tairi175: Acheni injini. Elise ya 2001 walipunguza tairi za mbele kutoka 185 hadi 175, ukiingia kona kwa pupa pua inakwenda nje. Hilo hamlilii?

BibiTurbo: Nyie mna raha. MGF yangu, ya spoti ya MG, ikilala upande mmoja fundi anauza shokabu, kumbe ni majimaji ya Hydragas, sasipensheni ya gesi na majimaji, yamevuja. Mbele na nyuma za upande huo zimeunganishwa, lazima zijazwe kwa pampu yake.

Mnyonge_wa_Gia: Nunua MG TF ya 2002, mrithi wake, ina springi.

BibiTurbo: Springi zile? Kiuno utanunua wapi?