DeRozan na mitupo ya kati: kuna faida?

Wakuu, DeMar DeRozan, mchezaji wa kikapu wa NBA (ligi kuu ya Marekani), akiwa timu ya Chicago msimu wa 2021/22 alifunga wastani wa pointi 27.9 kwa mechi, nyingi kwa mitupo ya kati (ya pointi mbili, mbali kidogo na kikapu lakini ndani ya mstari wa pointi tatu). Mbona watu wanasema mitupo hiyo ni hasara?

Jibu: Piga hesabu, mkuu. Mtupo wa pointi tatu unaoingia kwa asilimia 36 unazaa pointi 1.08 kila jaribio. Wa kati kwa asilimia 46 unazaa 0.92. Ili ulingane unahitaji asilimia 54, na wanaofika hapo ni wachache mno.

Jibu: Umesahau faulo. DeRozan anainua mpira kama anarusha, mlinzi anaruka, anamwangukia begani. Mitupo huru miwili (pointi moja kila mmoja) kwa asilimia 85 ni pointi 1.7!

Jibu: Shida ni asipokuwa na mpira. Pointi tatu harushi sana, hivyo mlinzi wake anamwacha pembeni na kwenda kuziba chini ya kikapu. Ila zikibaki sekunde 5 za kushambulia na nje kumefungwa, mtupo wa kati ndio unaopatikana. Timu yake ya zamani, Toronto, walimtoa 2018 wakamchukua Kawhi Leonard, wakabeba ubingwa 2019. Kawhi naye anaishi kwa mitupo ya kati, lakini anakaba, na pointi tatu anazo.