Mjadala: Je, maneno struct na union yafichwe kwa typedef?

Ndugu zangu waandishi wa programu wa Nairobi, rasimu ya mwongozo wa msimbo tuliyosambaziwa kikundini inapendekeza kwamba kila muundo (struct, yaani kundi la nyuga au sehemu za data) na kila muungano (union, ambao nyuga zake hushiriki mahali pamoja) katika lugha ya programu ya C upewe jina jipya la aina kwa neno typedef, jina hilo limalizike kwa _t, na maneno struct na union yasionekane tena nje ya faili la kichwa (lile la .h lenye matangazo). Walioiandika wanasema kwamba msimbo utakuwa mfupi na majina hayatagongana. Napinga pendekezo hilo, hasa kwa upande wa union, na naomba tulijadili kabla halijapitishwa.

Hofu ya kugongana kwa majina ni ndogo kuliko inavyodaiwa. C huyaweka majina ya struct, union na enum (orodha ya thamani zenye majina) katika nafasi yao wenyewe ya majina, mbali na ya vibadilika na funksheni, na ndiyo maana katika mfumo wa Unix struct stat na funksheni stat hutumika katika faili moja bila kompaila kulalamika. Ni kweli kwamba aina hizo tatu hushirikiana nafasi moja, kwa hiyo struct malipo na union malipo haziwezi kutangazwa pamoja katika eneo lile lile. Nyuga, kwa upande wao, ni za kila muundo peke yake. Viambishi st_ na tv_ tunavyoviona katika majina ya nyuga kama st_size na tv_sec ni desturi iliyotokana na kompaila za mwanzo kabisa, ambamo nyuga za miundo yote ziligombea nafasi moja.

Sasa tuseme mmoja wetu anaandika programu ya nauli za matatu, ambazo hulipwa kwa pesa taslimu au kwa simu:

union malipo {
    long taslimu;
    char muamala[11];
};

Nyuga hizi mbili zinakaa mahali pamoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukishaandika muamala, thamani ya taslimu imeharibika, na ukiisoma baadaye utapata baiti za herufi zikihesabiwa kuwa shilingi, huku kompaila kwa kawaida ikinyamaza. Anayekuta "union malipo m" anajua papo hapo kwamba ni lazima atafute mahali panapoonyesha ni uga upi uliojazwa; anayekuta "malipo_t m" hana dalili yoyote, na atadhani huo ni muundo wa kawaida wenye nyuga zinazojitegemea. Kuokoa herufi chache kwa gharama hiyo, katika msimbo unaoshika pesa za watu, sikubaliani nako hata kidogo.

Kiambishi _t nacho kina mwenyewe: POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, imejitengea majina yote yanayoishia hivyo. Mwongozo wa msimbo wa Linux, kwa upande wake, unasema wazi kwamba kutumia typedef kwa miundo na vielekezi (pointer) ni kosa.

Wenzangu watanikumbusha FILE ya stdio.h, aina ya C inayowakilisha faili lililofunguliwa, na wana haki, kwa sababu pale mtumiaji hatakiwi kabisa kugusa kilichomo ndani. Kwa hiyo napendekeza kifungu kisomeke hivi: typedef itumike pale tu nyuga zinapofichwa kwa makusudi, isitumike kamwe kwa union, wala jina lolote letu lisiishie kwa _t. Anayepinga naomba atuwekee hapa msimbo ambao kanuni hiyo ingeuharibu.